Fundi Macho na Wenye Mizani

Nakaa Lauscha, mji uliobanwa na misitu ya Thuringia,
kuta zake zimevaa vigae vyeusi vya mawe
na theluji huanguka mpaka Aprili bila kuomba radhi.
Kazi yangu ni macho.
Macho ya kioo, ya watu waliopotelewa na moja
kwa saratani, kwa fataki, kwa pembe ya ng'ombe.
Babu alipuliza kioo, baba alipuliza kioo;
mimi napuliza kioo na kujaza fomu.

Binti yangu Friederun ndiye aliyenifungulia tovuti.
"Mama," alisema, "asiyekuwapo na lake halipo."
Nikacheka. Miaka arobaini nawatengenezea watu macho,
leo nami nitafute wa kunitazama.

Ndipo ukaanza ushauri wa Kampuni,
ile yenye mtambo wa kutafuta,
ambayo kila aulizaye njia humwuliza yeye kwanza.
Walisema: andika kwa ajili ya watu, usituandikie sisi.
Nikawaandikia watu. Nikashuka mpaka ukurasa wa nne.
Walisema: tovuti yako nzito, ipunguze.
Nikapunguza. Nikapanda hatua mbili,
halafu Novemba wakabadili kanuni, kimya kimya,
na Bätz wa bonde la pili, anayeagiza macho kwa katoni,
yote ya buluu ileile, kama vifungo vya koti,
akaketi juu kabisa
chini ya neno dogo la kijivu: Tangazo.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Mbona basi barabara ya kujitembeza ni yao,
na ushuru wake hulipwa kwa kila mguso?

Sisemi ni waongo.
Nimelipima hilo usiku, mbele ya moto wa gesi,
pale kioo chenye kiputo hupasuka bila kuulizwa.
Shauri lao moja lilisema: kila picha ieleze kwa maneno,
kwa ajili ya asiyeona.
Nikaona haya. Mimi, fundi macho, sikuwahi kuliwaza.
Siku tatu nikaandika:
"Jicho la hudhurungi, lina kijani kidogo pembeni
kama majani ya chai yaliyosahauliwa kikombeni."
Januari akaniandikia Bwana Oswin Treuter wa Erfurt:
macho yake yote mawili ni ya kioo, mwaka wa kumi na tisa,
na hakuna aliyewahi kumwambia yana rangi gani.

Hilo lilikuwa shauri jema, na lilitoka kwa mwenye mizani,
yuleyule anipimiaye unga huku kidole chake kikigusa sahani.
Nilitupe kwa sababu ya mkono ulionipa?

Friederun anataka jibu moja. Niwaamini, nisiwaamini?
Nikamwambia: mwenye kinu hukufundisha kuanika ngano,
na ni kweli, ngano mbichi huharibu unga.
Huharibu na kinu pia.
Msikilize wakati njaa yako na faida yake zimelala kitanda kimoja.
Zikiamka, magunia uyahesabu mwenyewe.
Hakuridhika. Aliondoka na mkate wangu wa shayiri
na nywila ambayo mpaka leo sijaijua.

Jana alikuja kijana, Veit, kitambaa usoni.
Nikamwuliza, kama fomu inavyotaka: umetupataje?
"Dereva wa basi la Sonneberg. Anasema jicho lake la kushoto ni kazi yako.
Nimepanda basi lake miaka sita,
sikujua."
Fomu haina kisanduku cha dereva wa basi.
Nikaandika pembezoni, kwa penseli.

Nikamketisha dirishani, nikachagua vijiti vya kioo,
nikalitazama jicho lililobaki, mpaka akaona soni.
Kijivu, nikasema.
Hapana. Tulia kidogo,
ngoja wingu lipite.